Mashangazi watatu wote siti za mbele: kofia imechezewa au ni bahati tu? Watu wa hesabu njooni

Kijana wa Rangi Tatu
Habari za jioni wakuu. Nina kesi ya ukoo hapa. Nimeona kabla haijafika kwa wazee niilete humu, maana humu hapakosi mtu aliyesoma hesabu akazielewa.

Jumamosi iliyopita tulikodi Coaster kwenda Korogwe kwenye harusi ya binamu. Tulikuwa watu 28. Mnazijua safari za ukoo, ugomvi hausubiri ukumbini, unaanzia mlangoni mwa gari. Kila mtu anataka mbele, nyuma hapatakiwi kwa ajili ya kurushwarushwa, na ile siti ya kukunja ya katikati wanaachiwa wasio na mtetezi. Safari hii tukasema tukate mzizi wa fitina. Dada yangu akakata vikaratasi 28, akaandika namba 1 mpaka 28, akavikunja, akavitia kwenye baraghashia ya baba mdogo, kila mtu akaokota chake. Gari lina safu 7, kila safu watu wanne ukishakunjua siti za katikati. Safu ya kwanza ni namba 1, 2, 3 na 4.

Tukaondoka. Kufika Chalinze tumeshuka kuchimba dawa, wakati wa kupanda mjomba mmoja akasimama pale mbele kuhesabu vichwa. Safu ya kwanza wamekaa mashangazi watatu wote. Mkubwa, wa kati na mdogo, wamejipanga kama meza kuu. Wa nne ni mtoto wa miaka tisa. Mjomba akasema palepale, "Hii haiwezekani. Kofia imechezewa." Dada kalia mpaka Segera. Wiki imepita, kundi la WhatsApp la ukoo limepasuka vipande viwili.

Swali langu: kama hakuna aliyechezea chochote, uwezekano wa mashangazi watatu wote kuangukia safu ya mbele ni kiasi gani? Naomba hesabu, mahubiri tumeshapewa ya kutosha.

Kiberiti Upele
Nimewahi siti namba 5. Nne za kwanza zina wenyewe.

Mzee wa Kijiweni
Mbona rahisi. Ni 50 kwa 50. Ama wamekaa mbele ama hawakukaa.

Bi Mkora
Mleta mada, una uhakika kila mtu alikaa kwenye siti aliyoiokota?

Kiberiti Upele
@Mzee wa Kijiweni, kwa hesabu hiyo hata mimi kesho nina 50 kwa 50 ya kuamka rais. Ama nitaamka rais ama sitaamka.

Fundi Saa
Hesabu ndogo hii. Siti za mbele ni 4 kati ya 28, yaani 1/7. Mashangazi ni watatu, basi 1/7 mara 1/7 mara 1/7. Jibu 1/343. Ni kidogo lakini hutokea. Uzi ufungwe.

Ticha Mstaafu
@Fundi Saa usiufunge bado, umefanya kosa ambalo nimelisahihisha kwenye madaftari ya wanafunzi miaka na miaka.

1/7 ya shangazi wa kwanza ni sawa. Ila akishachukua siti yake hairudi kwenye kofia. Shangazi wa pili anakuta vikaratasi 27, na vya mbele vimebaki 3. Wa tatu anakuta 26, vya mbele 2. Kwa hiyo ni 4/28 × 3/27 × 2/26. Juu unapata 24, chini 19,656. Kata kata, unabaki na 1/819. Wewe umehesabu kana kwamba kila shangazi anaokota, anasoma, anakirudisha kikaratasi kofiani, halafu wanakwenda kupakatana siti moja.

Wenye haraka wachukue 1/819 waende. Wanaotaka kujua inakotoka wabaki, nitaanza na bajaji.

Bajaji nyuma inakaa watatu. Tuseme Asha, Juma na Neema. Siti ya kushoto inaweza kukaliwa na yeyote kati ya watatu. Akishakaa, ya katikati wamebaki wawili. Ya kulia hakuna tena cha kuchagua, amebaki mmoja. 3 × 2 × 1 = 6. Hiyo ndiyo faktoria ya 3, tunaiandika 3! na alama ya mshangao. Ukiwa na muda ziandike zote sita uone: AJN, ANJ, JAN, JNA, NAJ, NJA. Hakuna ya saba.

Sasa uliza: Asha na Juma wana uwezekano gani wa kukaa ubavu kwa ubavu? Wanatenganishwa pale tu Neema anapokaa katikati, na hiyo ni mipango miwili, ANJ na JNA. Iliyobaki ni minne. 4/6, yaani 2/3. Umeona hatukutumia kanuni yoyote. Tumehesabu mipango yote, tukahesabu tunayoitaka, tukagawanya. Na hiyo njia ina sharti moja tu ambalo watu hulisahau: kila mpango uwe na nafasi sawa na mwenzake. Sharti likivunjika, hesabu yote inakuwa mapambo.

Coaster ni bajaji iliyonenepa. Mipango yote ni 28!. Nimeitoa kwenye kikokotoo cha kompyuta: 304,888,344,611,713,860,501,504,000,000. Tarakimu 30. Lakini hatuna haja ya kuubeba mzigo huo wote, sababu watu 25 waliobaki hawatuhusu. Tunahesabu siti za mashangazi tu. Kuwapanga watatu kwenye siti 28 kuna njia 28 × 27 × 26, hiyo ndiyo permutesheni ya 3 kutoka 28. Kuwapanga watatu kwenye siti nne za mbele ni 4 × 3 × 2. Gawanya. 1/819 ileile.

Fundi Saa
Nimekubali ticha. Aibu ndogo hii.

Mwanasheria wa Mtaani
Basi kesi imekwisha. Uwezekano wa kutokea kwa bahati ni 1 kati ya 819, kwa hiyo uwezekano kwamba kofia ilichezewa ni 818 kati ya 819. Dada ana hatia kwa zaidi ya asilimia 99. Mjomba yuko sahihi.

Kahawa Chungu
Polepole wakili, hapo ndipo watu wanapofungwa bila kosa.

Angalia: siku ile watu 28 walikaa kwenye siti 28 kwa mpango fulani mmoja. Mpango wowote ule, hata ule ambao usingemkera mjomba hata kidogo, ulikuwa na uwezekano wa 1 kwa ile namba ya tarakimu 30 aliyoiweka ticha. Kwa mantiki yako kila safari ya Coaster ni njama, na kadiri gari linavyokuwa kubwa ndivyo njama inavyozidi. Mtu anayeshinda bahati nasibu ameangukiwa na jambo gumu kuliko la mashangazi, na hatumpeleki kituoni.

1/819 inajibu swali moja: "Kama kofia ni safi, hili hutokea mara ngapi?" Wewe unataka jibu la swali jingine: "Kwa kuwa hili limetokea, kofia ni safi?" Hilo la pili huwezi kulijibu bila kujua dada ni mtu wa namna gani, alikuwa na nafasi gani ya kuchezea, na angefaidika nini. Yeye mwenyewe alikaa wapi?

Kijana wa Rangi Tatu
Dada alipata 27. Nyuma kabisa, siti ya kukunja.

Kiberiti Upele
Mwizi gani huyu anaiba halafu anakwenda kukaa kwenye siti ya kukunja.

Kahawa Chungu
Haya, sasa twende kwenye jambo linalonikera zaidi. Mjomba aliamua nini ni cha ajabu baada ya kuona. Mleta mada, tujibu kwa ukweli: kama wangekaa mbele wajomba watatu, kungekuwa na kelele?

Kijana wa Rangi Tatu
Kelele kubwa zaidi. Mashangazi wangeshusha gari zima.

Kahawa Chungu
Na wanakamati watatu?

Kijana wa Rangi Tatu
Hao ndio usiseme. Na kaka zake bibi harusi wako watatu. Na kuna majirani watatu ambao hata hatujui nani aliwaalika.

Kahawa Chungu
Kwa hiyo makundi matano ya watu watatu watatu, na lolote kati yao likikaa mbele mjomba au mwingine angesimama Chalinze kutoa hotuba. Siti za mbele ni nne, makundi mawili hayawezi kuingia pamoja, basi hapa tunajumlisha tu bila wasiwasi: 5/819, karibu 1 kwa 164. Na je, wangekaa watatu wote safu ya pili? Au wote nyuma kabisa, watu wakasema "wamejitenga"?

Kijana wa Rangi Tatu
Nyuma wangesema wameonewa. Kesi ingekuwepo ila ya upande wa pili.

Kahawa Chungu
Safu ziko 7. Mashangazi wote kuangukia safu moja, yoyote ile, ni 7/819, yaani 1/117. Na makundi yenu matano yote ukiyatazama, uwezekano wa angalau kundi moja kujikuta safu moja hauzidi 5/117, ambayo ni kama 1 kwa 23. Hapo siwezi kusema ni 1 kwa 23 kamili, kwa sababu makundi mawili yanaweza kupata safu moja moja kwa wakati mmoja, na nikijumlisha tu nitakuwa nimeihesabu safari hiyo mara mbili. Ila tofauti yake ni ndogo.

Kutoka 1 kwa 819 tumefika 1 kwa 23 na kofia hatujaigusa. Kilichobadilika ni swali tu.

Mzee wa Kijiweni
Mimi nina swali la kweli sasa, msinicheke. Hivi anayeokota mwanzo si ana faida? Karatasi nzuri bado ziko zote. Na mashangazi ndio walioanza kuokota si ndiyo?

Kijana wa Rangi Tatu
Ndiyo, kwa heshima walianza wao.

Ticha Mstaafu
Mzee, swali zuri na hakuna wa kukucheka. Kijiweni kote wanaamini hivyo.

Chukua waokotaji wawili wa kwanza. Wa kwanza kupata safu ya mbele ni 4/28, yaani 1/7. Wa pili ana njia mbili. Ama wa kwanza kachukua ya mbele naye anapata kati ya 3 zilizobaki: 4/28 × 3/27. Ama wa kwanza kakosa naye anakuta zote nne bado zipo: 24/28 × 4/27. Jumlisha: 12/756 na 96/756, unapata 108/756. Gawanya juu na chini kwa 108. 1/7. Hivyo hivyo mpaka mtu wa 28 anayeokota kikaratasi kilichobaki peke yake kofiani. Na yeye ni 1/7. Aliyeanza ana faida ya kujua mapema tu, basi.

Ila hayo yote ni kama vikaratasi vimechanganywa. Mleta mada, hapa nijibu vizuri: dada alivichanganya?

Kijana wa Rangi Tatu
Alivitia kimoja kimoja alivyokuwa anaandika, kuanzia 1. Baraghashia ilijaa mpaka juu, haikutikisika. Baba mdogo aliingiza vidole akakoroga kidogo kama mtu anayeonja chumvi.

Ticha Mstaafu
Ndilo sharti nililolisema kwenye bajaji limevunjika. Kwenye kofia iliyojaa namna hiyo, 1 mpaka 4 wako chini kabisa na 25 mpaka 28 wanaelea juu. Mipango haina nafasi sawa tena.

Msidhani hili ni la kofia za harusi tu. Tarehe 1 Desemba 1969 serikali ya Marekani ilipiga kura ya nani aitwe jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Walitengeneza vidonge vya plastiki 366, kila kimoja na tarehe moja ya mwaka, 29 Februari ikiwemo. Wakavitia sandukuni mwezi kwa mwezi, Januari kwanza, Desemba mwisho, wakachanganya kidogo, wakamimina kwenye chombo cha kioo, wakaanza kuokota mbele ya televisheni. Watu wa takwimu walipokuja kuangalia matokeo wakakuta waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka, Desemba hasa, wameokotwa mapema kupita kiasi. Hakuna aliyeiba. Vidonge havikuchanganyika, basi, na kuokotwa mapema kulimaanisha kuitwa jeshini kwanza. Kura iliyofuata, ya 1970, walibadilisha utaratibu.

Ila mkuu, hapa kuna kitu kinanisumbua. Kama kofia yenu haikuchanganywa na mashangazi waliokota wa kwanza, walipaswa kukutana na namba za juu, yaani kubwa. Nyuma ya gari. Uchanganyaji mbovu ungewapeleka nyuma, na wao wako mbele. Hainiingii.

Kinyonga wa Kodi
Naomba niingie na kompyuta. Nimeandika programu fupi ya Python: inachanganya siti 28, inaangalia kama watu namba 1, 2 na 3 wako safu ya mbele, inarudia mara milioni moja. Kwa hesabu ya ticha tunategemea kama safari 1,221 kati ya milioni. Yangu imekuja karibu kabisa na hapo, kila nikirudia inapanda na kushuka kidogo. Ticha yuko sahihi.

Ila mara ya kwanza nilikosea, na kosa lenyewe ni tamu. Nilichanganya hivi: napita kila siti, naibadilisha na siti yoyote kati ya zote. Kwa macho inaonekana safi. Jaribu kwa bajaji: siti tatu, kila moja ina chaguo 3, njia ziko 3 × 3 × 3 = 27. Mipango ni 6. Sasa gawa 27 kwa 6. Haigawanyiki! Hakuna namna mipango sita igawane njia 27 sawasawa, lazima mingine ipendelewe. Dawa yake ni kuchagua miongoni mwa siti ambazo bado hazijashughulikiwa tu: kwanza chaguo 3, halafu 2, halafu 1. Njia 6, mipango 6, kila mmoja njia yake. Ndivyo walivyoeleza Fisher na Yates mwaka 1938, kwa kalamu na karatasi, kabla ya hizi kompyuta zetu.

Fundi Saa
Yaani kosa langu lilelile la kurudisha karatasi kofiani, tofauti umelifanya kwa umeme.

Kinyonga wa Kodi
Lilelile.

Kijana wa Rangi Tatu
Wakuu, kabla sijasahau, kurudi tuliokota upya. Mambo mawili yalitokea. La kwanza, kati yetu wote mtu mmoja tu alirudia siti yake ya kwenda, watu wakasema ana jini. La pili, baba mdogo alipanda wa kwanza, kikaratasi chake kimepotea, akakaa popote alipoona. Waliofuata kila aliyekuta siti yake imekaliwa hakutaka maneno, akatafuta nyingine iliyo wazi. Mimi niliingia wa mwisho, nikaikuta siti yangu wazi inanisubiri. Hiyo nayo mnaipigaje?

Ticha Mstaafu
La jini kwanza. Kila mtu ana 1/28 ya kurudia siti yake. Watu 28, kwa hiyo kwa wastani mtu 1 kila safari. Na ukigeuza gari likawa basi la watu 60, wastani unabaki ni 1, sababu 60 × 1/60. Jini wenu ni wastani.

Mnaweza kuuliza pia: je, uwezekano wa kwamba hata mtu mmoja asirudie siti yake? Kwa watu 3 mipango ya namna hiyo ni 2 kati ya 6. Kwa 4 ni 9 kati ya 24. Kwa 5 ni 44 kati ya 120. Zigeuze kuwa desimali: 0.333, 0.375, 0.367. Inayumba kidogo halafu inatulia kwenye 0.3679, na haitoki tena hapo uongeze watu wangapi. Hiyo ni 1 gawanya kwa 2.71828, namba ambayo waliopita masomo ya juu wanaijua kwa herufi e. Mfaransa Pierre Rémond de Montmort aliliibua swali hili mwaka 1708 kupitia mchezo wa karata. Miaka zaidi ya 300 na bado watu wanatafuta majini.

La baba mdogo namwachia mwingine, mikono imechoka.

Kahawa Chungu
La baba mdogo ni nusu kamili. 1/2. Na ingekuwa ndege ya watu 100 jibu lingekuwa 1/2 vilevile.

Usihesabu mipango hapa, utalala njaa. Jiulize tu, mtu wa mwisho anapopanda siti moja imebaki. Inaweza kuwa ipi? Siti ya mtu wa katikati, tuseme namba 14, haiwezi kubaki. Mwenyewe alipopanda, kama ilikuwa wazi aliikalia, kama haikuwa wazi ilishakaliwa. Hivyo kila siti ya waliopanda kati ina mtu. Zinazoweza kubaki ni mbili tu: yako, au ile halisi ya baba mdogo, ya kwenye kikaratasi kilichopotea. Na kila mara mtu alipolazimika kuchagua siti ovyo, siti hizo mbili zilikuwa sawa machoni pake, hakuna sababu ya kuipendelea moja. Kwa hiyo nusu kwa nusu.

Mzee wa Kijiweni
50 KWA 50! Nilisema!!

Kiberiti Upele
Mzee kaokota dodo chini ya mwarobaini.

Mama Pilau
Naomba na mimi nisaidiwe nipo kamati ya sherehe. Meza ya duara ya watu 10, watu wanakaa ovyo. Kuna wawili wamegombana sitaki wakae karibu. Uwezekano wa kukaa karibu ni ngapi? Mwanangu kaniambia 2/10.

Fundi Saa
Ngoja hili nilijibu nirudishe heshima. 2/10 ni ya benchi. Kwenye benchi la watu 10, mipango yote ni 10!, na ukiwafunga wagomvi kamba wakawa mtu mmoja unapanga vitu 9, yaani 9!, mara 2 kwa sababu nani yuko kushoto. Inatoka 2/10.

Meza ya duara haina ncha. Mkalishe mgomvi wa kwanza popote. Siti zilizobaki 9, na mbili kati yake zinamgusa, moja kila upande. Jibu 2/9. Kidogo zaidi ya 1 kwa 5. Kwenye benchi wa pembeni ana jirani mmoja tu, ndiyo maana benchi lina amani kidogo zaidi. Nimepita ticha?

Ticha Mstaafu
Umepita. Mama Pilau, kwa 2/9 mimi nisingeacha wakae ovyo, andika majina mezani.

Kijana wa Rangi Tatu
Wakuu, nimerudi. Nilisoma tena uzi kuanzia juu nikafika kwenye swali la Bi Mkora ambalo nililiruka. Nikampigia simu shangazi mdogo.

Shangazi mkubwa aliokota 26. Shangazi wa kati aliokota 23, siti ya kukunja. Mdogo ndiye peke yake aliyeokota ya mbele, namba 4, na anasema alizamisha mkono mpaka chini ya kofia kwa sababu "vya juu ni vya wavivu." Wakati wa kupanda, mkubwa akasimama mlangoni akashika magoti, akasema hayo magoti yakikaa nyuma mpaka Korogwe watamshusha na kitoroli. Kijana mmoja mwenye namba 2 akampisha, akapewa soda. Wa kati alipoona hivyo naye magoti yakaanza kuuma, kaka mmoja wa bibi harusi akampa namba 3.

Ticha Mstaafu
26 na 23 kwa walioanza kuokota. Kofia haikuchanganyika, sasa inaniingia. Na kwa kofia safi, angalau shangazi mmoja kati ya watatu kupata mbele ni 1 toa (24 × 23 × 22)/(28 × 27 × 26), kama asilimia 38. Hakukuwa na cha ajabu chochote cha kupigia hesabu.

Bi Mkora
Niliuliza posti ya nne.

Kiberiti Upele
Huyo kijana wa namba 2 ni nani?

Kijana wa Rangi Tatu
Mtoto wa mjomba. Huyo huyo mjomba. Nimeandika kundini saa tatu, tiki zimekuwa za bluu, hajajibu. Dada anasema anataka radhi ya maandishi na kreti ya soda.